Usahihi wa asilimia 99? Tupige hesabu kwanza

Ukisoma matangazo ya kile kipimo cha damu ya mjamzito kinachochunguza kromosomu za mtoto, kuna namba hupendwa sana: usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Sina ugomvi na kipimo chenyewe. Ugomvi wangu ni na hiyo namba.

Tukipe haki yake. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba kwenye damu ya mama mjamzito huelea vipande vya DNA vya ujauzito. Mwaka 2011 kipimo kikaingia sokoni. Kwa hali ya Down, yaani mtoto kuwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, kinafanya vizuri sana, na kimewaepusha akina mama wengi sindano ya tumbo.

Shida ilianza orodha iliporefushwa hadi kwenye hali adimu, kama DiGeorge, ambapo kipande kidogo cha kromosomu namba 22 kimepotea.

Hebu chukua kalamu. Tuseme hali fulani humpata mtoto 1 kati ya 5,000. Kipimo kinamnasa kila aliye nayo, na kwa wasio nayo kinakosea mara 1 tu katika 100. Pima wajawazito 5,000. Watakaoambiwa "ipo" ni kama 51: mmoja ni kweli, 50 si kweli. Kumbe mama aliyepewa jibu hilo la kutisha, uwezekano kwamba mtoto wake hana hali hiyo ni kama asilimia 98! Na tangazo halijadanganya hata neno moja.

Tena DNA hiyo hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, si kwa mtoto mwenyewe. Mara nyingine kondo lina hitilafu ambayo mtoto hana.

Haya si mambo ya darasani tu. Aprili 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vipimo hivi, ikisema ina taarifa za wajawazito waliotoa mimba kwa kutegemea majibu haya peke yake, bila kipimo cha kuthibitisha.

Ndiyo maana nasema tangazo linalotaja asilimia 99 na kuishia hapo limeshindwa kazi yake, hata kama ni la kweli.

Kwa hiyo wewe, au dada yako, mkipewa karatasi ya majibu, msiulize kipimo kina usahihi gani. Ulizeni hivi: katika wanawake 100 walioambiwa hivi, ni wangapi ambao watoto wao kweli walikuwa nayo? Kisha ombeni kipimo cha kuthibitisha, kile cha maji yanayomzunguka mtoto, kabla ya kuamua lolote.