Mkono Unaofunga Maji Polepole

Mji wa Machakos umezungukwa na vilima: Iveti, Kiima Kimwe, na kwa mbali kidogo Mua. Mgeni huvitazama akasifu mandhari. Fundi wa maji huvitazama akapiga hesabu ya presha, maana bomba linaloteremka mita 100 hubeba presha ya bar 10 hivi kule chini. Na kwa kuwa maji hapa hugawanywa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, kila zamu inapitia mikononi mwa mtu anayezungusha valvu.

Kazi kubwa inafanywa na geti valvu. Fundi hufunua chemba, akashusha spana yake ndefu ya T, akaanza kuzungusha. Ndani, kabari ya chuma inashuka kidogo kidogo kukata njia. Ikiwa wazi kabisa, kabari hujificha juu na maji hupita karibu bila kizuizi. Wapo wanaoilaumu kwamba ni nzito na inachosha. Mimi naona uzito huo ndio heshima yake. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde katika bomba la chuma yakisimamishwa ghafla, presha hupanda kwa bar 10 au zaidi, na wimbi lake hukimbia bombani zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde, likitafuta kiungo dhaifu. Nikolai Joukowsky alilipima jambo hilo kwenye mabomba ya Moscow mwishoni mwa miaka ya 1890. Fundi mzoefu analijua kwa viganja. Mizunguko ya kwanza huenda nayo haraka, kwani maji bado hayajapungua sana. Ya mwisho ndiyo inayoyasimamisha, na hapo hupunguza mwendo, akatulia, akaweka sikio kwenye mpini wa spana kusikiliza kama bado yanapita.

Jambo moja hatalifanya: kuiacha nusu wazi. Maji yakibanwa chini ya kabari huitikisa na kuila ukingo, na baadaye haizibi tena. Kupunguza maji ni kazi ya globu valvu, ambayo huyapitisha kwa kona ya juu na chini, ikawatoza presha wanaoitumia, lakini hukubali kurekebishwa kwa utulivu. Mshale uliochorwa ubavuni mwake huonyesha maji yaingilie wapi.

Boli valvu naipenda kwenye tangi la nyumbani: robo mzunguko tu, na mpini ukilala sambamba na bomba unajua iko wazi. Kwenye bomba kubwa, wepesi huo huo unahitaji mkono wenye subira au gia ya kuuchelewesha. Valvu ya kipepeo ni nyembamba, ya bei nafuu kwa mabomba mapana, ila sahani yake hubaki katikati ya njia hata ikifunguliwa. Ndiyo sababu haifai kwenye bomba la mafuta kama lile litokalo Mombasa kwenda Nairobi kupitia Konza: vifaa vya kusafishia husukumwa ndani ya bomba, navyo vinataka njia iliyo wazi kabisa.

Visimani kuna non-ritani, inayozuia maji kurudi pampu inapozimwa. Haihitaji mtu.

Ile ninayoistaajabia zaidi ni valvu ya hewa, inayowekwa kwenye miinuko ya bomba. Laini iliyokauka inapojazwa upya, fundi hufungua geti kidogo tu na kuipa hewa nafasi ya kutoka juu kwa mlio mrefu. Maji yakifika, boya dogo huinuka na kuziba tundu. Bomba likimwagwa, boya hushuka na kuingiza hewa, bomba lisifyonzwe likabonyea. Wakati wa kujaza, tundu likishazibwa ndipo fundi huongeza mizunguko ya geti, huku akikaza nati ya shina, ile fimbo inayoshika kabari, kiasi tu: matone yakome, lakini shina liendelee kuzunguka.