Kilemba cha Ukoka Chumba Namba 503

Hukumu naitoa mapema, maana mnaonisoma mnajua siwezi kuificha: kumtundika mchoraji Faith Ringgold ubavuni mwa "Les Demoiselles d'Avignon" ya Picasso lilikuwa kosa la upangaji, na makofi yote yaliyopigwa hayakulifuta. Jumba la sanaa la MoMA, New York, lilifungua milango upya Oktoba 2019, baada ya upanuzi wa dola milioni 450, na chumba namba 503 kikasifiwa kama ushahidi kwamba jumba limetubu. Mimi nilinuna. Bado sijapoa.

Mliosimama pale mnakumbuka. Upande mmoja Picasso wa 1907: turubai inayokaribia mraba, kimo chake mita 2.44, wanawake watano, wanne wima kama nguzo na mmoja amechuchumaa, macho yao yamekuganda wewe. Upande wa pili Ringgold wa 1967, "American People Series #20: Die": turubai mbili zilizounganishwa, mita 3.66 kwa 1.83. Weusi na weupe waliovaa nguo za karamuni wanauana barabarani, nyuma yao miraba ya kijivu, damu imerukia mpaka kwenye magauni. Katikati, chini kabisa, watoto wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, wameng'ang'aniana.

Sasa fuateni jicho linavyosafiri, kwa sababu upangaji ni kazi ya kuliongoza jicho. Picha ya Picasso inakusimamisha. Ukifika mbele yake umefika, wale wanawake hawakupi njia ya kutokea. Ya Ringgold inakukokota kutoka pembe hadi pembe, mkono juu ya mkono, mguu juu ya mguu, na pa kupumzikia ni pale tu walipo wale watoto. Ukizibananisha, ile maarufu inatangulia kusema na ya pili inageuka jibu. Mtu anatoka mbele ya "Die" akiuliza, "Huyu mama anamwambia nini Picasso kuhusu wale wanawake?" Hilo si swali la ile picha. Swali lake ni Marekani ya 1967, miji ikiwaka moto. Ni sawa na kumpanga winga acheze beki wa kati, kisha ukamsifu kwa kujituma.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Ringgold hakutuachia fumbo. Picasso aliyekuwa akimwendea humo MoMA ni yule wa "Guernica", picha iliyokaa New York hadi iliporudishwa Hispania mwaka 1981. Itazameni "Die" mkiwa na "Guernica" kichwani, mtaona undugu mara moja: upana ule ule wa kuliburuta jicho, miili ile ile iliyopishana, pumzi haipo. Mtasema "Guernica" ilishaondoka. Sawa. Lakini MoMA yenyewe inamiliki "The Charnel House" ya 1944–45, rundo la maiti chini ya meza, nyeusi, nyeupe na kijivu. Mwenzi halali wa "Die" alikuwa humo humo nyumbani, wakamwozesha jirani.

Kwa nini? Nitasema ninavyoona, mkasirike mkitaka. "Demoiselles" ina deni la zamani. Nyuso mbili za kulia ni vinyago, na Picasso alikuwa ametoka kuviona vya Afrika kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris. Mwaka 1984 msimamizi William Rubin aliandaa hapo hapo MoMA onyesho kubwa la "Primitivism", akapanga vinyago kando ya akina Picasso. Mhakiki Thomas McEvilley alimshukia kwa haki: kazi za Afrika ziliwekwa bila tarehe, kana kwamba zilichipua porini. Deni hilo halikulipwa chumba namba 503. Aliletwa mwanamke mweusi wa Harlem, aliyewahi kuliandama jumba hilo hilo kudai nafasi ya wasanii weusi, akasimamishwa mbele ya deni lisilo lake. Funika kombe mwanaharamu apite. Naye Ringgold, aliyefariki 2024, akavikwa kilemba cha ukoka.

Kama walitaka kweli mtu wa kujibizana na "Demoiselles", walikuwa na Wifredo Lam. Mcuba huyu alimjua Picasso Paris, akarudi kwao, na mwaka 1943 akachora "The Jungle": nyuso za vinyago ndani ya miwa, zimerudishwa kwa wenyewe. Na MoMA waliiweka wapi kwa miaka? Ukumbini, njiani kuelekea mahali pa kuachia makoti, mpaka mhakiki John Yau akawaumbua kwa makala mwaka 1988. Nimeliandika hili mara ngapi? Nitaliandika tena.

Haki yao niwape: katika ufunguzi huo huo, mchoraji Alma Thomas jirani na Matisse, rangi kwa rangi, ilikaa vizuri.

Lakini aliyejua kazi hii ya kupanga picha ni msanifu majengo Lina Bo Bardi. Mwaka 1968, São Paulo, kwenye jumba la MASP, kila picha aliisimamisha peke yake juu ya kioo kilichochomekwa kwenye kipande cha zege, maelezo nyuma. Raphael, Van Gogh, Portinari, karne na mataifa tofauti ukumbi mmoja, na hakuna aliyelazimishwa kuwa jibu la mwenzake. Ulitembea ukachagua wewe. Wenye hekima wakaviondoa vioo vyake mwaka 1996, na iliwachukua mpaka 2015 kuvirudisha.

Nayasema haya nikiwa na wasiwasi wa nyumbani. MoMA inamiliki picha ya Mtanzania wetu Sam Ntiro, ya 1956: wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Siku watakayoamua kumpa jirani, nawajua, watamtafuta Gauguin, yule mchoraji wa Tahiti, kisa migomba na ngozi nyeusi. Ntiro alikuwa anasimulia harusi ya Wachaga. Mpeni ukuta wake, na taa ya kutosha tuwaone wanaobeba pombe.