Kumsubiri Anayekwama

Katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, mwanasheria anamwuliza Yesu afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Kabla ya kumsimulia habari za Msamaria, Yesu anamrudishia swali: katika Sheria kumeandikwa nini, naye anasomaje? Mara nyingi tunalipita swali hilo haraka ili tuifikie barabara ya kushukia Yeriko, na kumbe ni swali la mwalimu wa kusoma. Mwanasheria analijibu vizuri, Yesu mwenyewe anamkubalia, na bado inambidi aulize jirani yake ni nani. Maandiko anayajua, ila mtu anayehusika na Maandiko hayo hajamwona.

Ndivyo yalivyo masomo mengi ya wema tunayowapa watoto, shuleni na hata katika mafundisho ya Jumapili. Hadithi inasomwa, kisha linafuata swali lililozoeleka: hadithi hii inatufundisha nini? Vidole vinanyooshwa. Inatufundisha kuwa wema. Inatufundisha kusaidiana. Mwalimu anaweka vema, ukurasa unafunuliwa. Lakini katika kipindi hichohicho, mtoto aliyepewa zamu ya kusoma kwa sauti alikwama kwenye neno moja refu, wenzake wakacheka, na zamu ikapelekwa kwa mwingine ili muda usipotee. Darasa limesoma juu ya mtu aliyeachwa kando ya njia, na papo hapo limemwacha mmoja wao.

Kwa sababu hiyo tunaona inafaa kukirejea kitabu kilichotoka Italia mwezi Mei 1967, *Lettera a una professoressa*, yaani barua kwa mwalimu mmoja wa kike. Kimeandikwa na vijana wanane wa shule ya Barbiana, kijiji kidogo cha milimani katika jimbo la Florence. Padri wao, Lorenzo Milani, alipelekwa huko mwezi Desemba 1954, mahali ambapo hapakuwa na umeme wala barabara ya magari. Aliwakuta watoto wa wakulima waliorudishwa nyumbani na shule za serikali kwa kufeli, akaanza kuwafundisha katika nyumba ya parokia. Alifariki Juni 26, 1967, majuma machache baada ya kitabu kutoka.

Kitabu hiki hakina hadithi ya wema hata moja, wala hakimwambii msomaji awe mpole. Kinamwambia yule mwalimu kwamba yeye hatawakumbuka hata kwa majina, kwa jinsi alivyowafelisha wengi. Kinaifananisha shule na hospitali inayowatibu wazima na kuwafukuza wagonjwa. Hata hivyo tunaamini kwamba katika somo la kusoma na kuandika, ni vitabu vichache vinavyofundisha wema kuliko hiki, kwa kuwa kinaonyesha namna wema unavyofanyika ndani ya kazi yenyewe.

Jambo la kwanza ni utaratibu wa darasa. Huko Barbiana, wanasema waandishi, asiye na msingi na aliye mzito wa kuelewa alitendewa kama wanavyotendewa wanafunzi bora kwingineko. Mpaka yeye aelewe, wengine hawakuendelea. Waliotangulia kidogo waliwafundisha wadogo zao, hivyo mtoto aliyefika bila kujua kitu aliweza mwaka uliofuata kuwa mwalimu wa mwingine. Msomaji anaweza kudhani kwamba hali hiyo iliwachelewesha wenye uwezo. Kitabu chenyewe ni jibu, maana wenye uwezo na waliokwama wamekiandika pamoja, na hatuoni mahali ambapo mshono umefumuka.

Jambo la pili ni namna walivyoandika. Mwaka 1963 mwalimu wa shule ya msingi, Mario Lodi, alifika Barbiana akaeleza jinsi watoto wake wadogo walivyokuwa wakiandika kwa pamoja. Vijana wa Barbiana wakaanza kuandikiana barua na watoto hao, na kutoka hapo wakajijengea njia yao. Kila mmoja huandika wazo moja kwenye kikaratasi. Vikaratasi vyote hutandazwa mezani, vinavyorudia jambo lilelile hupunguzwa, vinavyofanana hukusanywa. Kila fungu huwa sura. Kisha maneno yasiyo ya lazima huondolewa, na maneno magumu hutafutiwa rahisi. Mwisho huitwa watu wa nje, hasa wale ambao hawakusoma sana, wasomewe. Wasipoelewa, sentensi inarudi mezani.

Hapa tunaiona hoja kuu ya kitabu hata pale ambapo hakijaitamka. Katika njia hii mtoto hawezi kuandika bila kumfikiria mtu mwingine. Kikaratasi cha mnyonge kinawekwa meza moja na cha hodari. Hodari anafuta neno lake zuri kwa ajili ya mkulima atakayelisikia asilielewe. Kufuta neno hilo ni tendo la upendo kwa jirani, na ni kazi ya sarufi vilevile. Padri Milani aliamini kwamba watu wanalinganishwa na lugha: kuweza kusema lako na kumwelewa mwenzako. Ukutani mwa darasa palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, *I care*, kwa maana ya kwamba jambo hili linanihusu, tena linanigusa moyoni. Padri alieleza kuwa maneno hayo ni kinyume kabisa cha msemo wa mafashisti wa kutojali.

Tusikifiche kasoro kitabu hiki. Kina hasira, na hasira yake mara nyingine inakosa haki. Mwalimu anayeandikiwa hapewi nafasi ya kusema lolote. Hatujui alikuwa na wanafunzi wangapi, wala ni kanuni zipi zilizombana. Katika mfano wa Msamaria, kuhani na Mlawi wanapita upande mwingine na Yesu hawaongezei neno la tusi. Barua ya Barbiana haina uvumilivu huo. Vijana waliojifunza kumsubiri mwenzao aliyekwama hawakujifunza kumsubiri mwalimu ambaye labda naye alikuwa amekwama.

Ila tunaposema hivyo tuwe waangalifu. Ni rahisi kuwadai upole wale walioumizwa, na Kanisa lenyewe halikumpokea Padri Milani mapema. Kitabu chake juu ya uchungaji kiliamriwa kuondolewa madukani mwaka 1958. Ni Juni 20, 2017 ndipo Papa Fransisko alipokwenda Barbiana kusali kaburini pake. Kwa hiyo tunaikubali hasira ya barua hii kama sauti ya watu waliolala kando ya njia wakawaona wapitaji wakipita.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watakisikia kwa sikio la nyumbani. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule ya msingi iliyokuwa ikiwaandaa wachache kwa mtihani na kuwaona wengi kama walioshindwa. Hawa wawili, rais Mkatoliki na padri wa kijijini, walikuwa wakiuliza swali moja: shule ni ya nani?

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Barbiana ilikuwa na wanafunzi wachache, nasi tuna madarasa ambamo watoto wanabanana kwenye madawati na wengine wanakaa sakafuni. Ni kweli, na hakuna mbinu itakayotuondolea wajibu wa kudai madarasa na walimu wa kutosha. Lakini kikaratasi hakihitaji fedha. Watoto wawili wanaweza kusomeana aya moja, na aliyeelewa asihesabiwe amemaliza mpaka mwenzake aweze kuisimulia. Darasa zima linaweza kumwandikia barua mtoto mwenzao aliye mgonjwa nyumbani, wakatafuta pamoja neno litakaloeleweka kwake. Kicheko juu ya anayesoma kwa kusitasita kinaweza kukatazwa leo, bila kusubiri mtaala mpya. Na lile swali la mwisho wa hadithi linaweza kubadilishwa, badala ya kuuliza hadithi inafundisha nini, tukauliza ni nani hapa darasani bado hajaielewa, na nani atakwenda kukaa naye.

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kunyoosha kidole. Yesu naye hakumpa mwanasheria alama kwa jibu lake. Alimtuma aende akatende.