Ngome ya nani? A-unganifu na mchoro wa Turner

MWAKA 1802 mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner alionyesha katika Royal Academy, London, mchoro wa rangi za maji wa ngome ya Kilchurn iliyo kando ya ziwa Awe, Uskoti. Anwani ya mchoro huo yataja ngome, milima iliyo karibu, na hata wakati: adhuhuri. Haimtaji mwenyewe.

Kwa Kiswahili tungesema 'mchoro wa Turner wa ngome ya Campbell', basi tukaridhika. Hebu, msomaji, tulichunguze fungu hili. 'Mchoro wa Turner' ni alioumiliki, unaomwonyesha au alioutia rangi? Muktadha watuokoa. Je, 'ngome ya Campbell'? Ni ya aliyeijenga, anayeishi humo, au mwenye hati? Hapa muktadha hautoshi, twahitaji historia.

Sir Colin Campbell aliijenga ngome hii katikati ya karne ya 15. Wazawa wake, ambao baadaye walipata cheo cha Earl wa Breadalbane, wakaipanua. Karibu mwaka 1760 ikapigwa radi, ikahamwa. Alichokiona Turner alipozuru Uskoti 1801, basi, kilikuwa gofu. Familia ilibaki na umiliki, makao hakuna. A-unganifu haitenganishi mambo hayo mawili.

Kuna zaidi. Ukoo wa MacGregor ulilihesabu bonde la Glenorchy kuwa lao kabla ya Campbell kulitwaa. Mwaka 1603, chini ya Mfalme James VI, jina MacGregor lenyewe likapigwa marufuku. Marufuku hiyo ilifutwa, ikarejeshwa, na kuondolewa kabisa 1774 pekee. Kwani aliyenyimwa jina ataandikwa wapi baada ya a-unganifu?

Ufundi wa Turner siutilii shaka. Ninachokilaumu ni ule ukimya wa anwani: ngome yawekwa sambamba na milima, kana kwamba nayo iliota pale kama mwamba. Mtazamaji husema, "Lo, mandhari mazuri haya!" wala haulizi ardhi ilipatikanaje.

Kwa hivyo nawasihi wanaotafsiri maelezo ya michoro na majumba ya kale wasiitwishe a-unganifu mzigo wote. Vitenzi tunavyo: iliyojengwa na, iliyorithiwa na, iliyohamwa na, iliyosimama kwenye ardhi iliyodaiwa na. Ni maneno mengi, naam, lakini kila moja lina mtu wake.