Padri Tempels na wale asiowataja

Kati ya vitabu ambavyo mwanafunzi wa filosofia katika seminari zetu kubwa hakosi kukutana navyo, kimoja ni kile cha Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, kinachoitwa La philosophie bantoue. Alikiandika kwa Kiflamandi. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Wanafunzi wanajua kwa kichwa neno lake kubwa: kwa Wabantu, kuwa ni nguvu, na nguvu hiyo huongezeka ao hupunguka. Kama neno hilo ni kweli ao si kweli, wengine wamebishana vya kutosha. Mimi napenda kuuliza jambo lingine: ndani ya kitabu hiki nani anasema, na nani anasemewa?

Tempels alifika Kongo mwaka 1933 akaishi kati ya Baluba wa Katanga. Hakuwa mtu wa kupita. Aliketi na watu, akasikiliza. Lakini wazee wale, ambao bila wao kitabu kisingekuwako, karibu hawana uso ndani yake. Tunasoma kwamba Wabantu wanasema hivi, Muntu anafikiri vile. Ni shida kumkuta mzee fulani wa kijiji fulani, aliyebishana na jirani yake juu ya jambo lile lile. Tena Padri anasema wazi kwamba tusingoje Wabantu watuletee filosofia yao kwa maneno yaliyopangwa. Kuyapanga ni kazi ya Mzungu. Yakiisha kupangwa, wao watajitambua ndani yake. Angalieni vizuri, wandugu. Mtu mweusi ameachiwa fasi ya kuitikia tu: ndiyo, umetuelewa. Fasi ya kusema hapana, hapo umekosea, haikutengenezwa popote.

Na kitabu kinasema na nani? Na wakoloni wenye nia njema. Ndivyo mwenyewe anavyowaita. Aimé Césaire wa Martinique aliliona hilo, akakipiga vikali mwaka 1950: kumheshimu Mbantu katika filosofia ni bei rahisi sana, ikiwa mashamba, migodi na mishahara vinabaki vilevile.

Sherti tumtendee Tempels haki. Yeye naye alionja ukali wa wakubwa. Askofu de Hemptinne wa Katanga hakukipenda kitabu hata kidogo, na kutoka 1946 mpaka 1949 mwandishi wake alikuwa Ubelgiji, mbali na watu wake. Aliporudi, kazi yake ilifika Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, na hapo ikazaliwa Jamaa. Huko mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili. Bwana na bibi waliokaa mbele yake waliweza kumjibu, kumrudisha nyuma, kumfundisha. Maneno makubwa ya Jamaa, uzima, uzazi, mapendo, kila mama wa kambi ya wafanyakazi aliyaelewa na kuyapima kwa maisha yake. Baadaye Jamaa ilikuwa na magumu yake na maaskofu, hiyo ni habari ndefu. Mimi nasema tu kwamba Tempels wa Kolwezi ananipendeza kuliko Tempels wa kitabu, kwani wale aliosema habari zao walikuwa na lugha ya kumkatalia.

Mapadri weusi walijibu mapema. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu chake mwaka 1956. Hakuanza na Wabantu wote. Alianza na Kinyarwanda na majina yake: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Hapa Goma watu wengi wanaweza kukisoma na kumwambia kama amekosea, na hiyo ni nguvu kubwa ya kitabu. Lakini masanduku yale manne aliyaweka mbele ya Aristoteli ili yapimwe, na shahada yake aliipokea Roma. Padri Vincent Mulago wa upande wa Bukavu, aliyeandika juu ya Bashi, Banyarwanda na Barundi, alipita njia ile ile. Marehemu V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alieleza mwaka 1988 kwamba hata Mwafrika anayejibu hujibu mara nyingi kutoka ndani ya maktaba ya kikoloni. Ana haki, ingawa naona anasahau kidogo kwamba mtu aliyefungiwa maktabani anaweza pia kuandika pembeni mwa kurasa.

Mambo haya si ya zamani tu. Tangu 1994 watafiti wangapi wamepita Goma na karatasi zao za maulizo! Kijana wa hapa anapanda pikipiki mpaka Masisi, anauliza kwa Kiswahili ao Kihunde, anageuza majibu kwa Kifaransa, na jina linalotoka juu ya kitabu ni la mwingine. Watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ulaya waliyasema hayo bila kuficha katika kitabu kinachoitwa Bukavu Series, mwaka 2020: hatari, malipo, na majina yaliyopotea.

Lakini tusicheke Wazungu upesi. Nimesoma memwari za waseminari wetu. Naona "Wahunde wanaamini", "Wanande wanakataza", na nyuma ya maneno hayo kuna nyanya mmoja aliyehojiwa nusu saa Jumapili baada ya Misa. Wengine hujitetea kwamba wakati huu wa vita kutaja jina kunaweza kuua. Ni kweli, na hapo jina lifichwe bila kusita. Lakini aulizwe mwenyewe kama anataka lifichwe. Katekista wa kijiji anajua kuuliza hivyo kwa adabu. Na kabla ya memwari kupelekwa kwa mwalimu, ukurasa ule usomwe mbele yake kwa lugha yake, akatae anachokataa, na kukataa kwake kuandikwe. Kazi itachelewa mwezi mmoja, pengine miwili, na barabara ya Walikale ni mbaya wakati wa mvua. Basi mwanafunzi aanze kuuliza mapema.