Mkono Ulio Pembeni ya Kamera
Mama anapopokea habari za msiba kwenye filamu, kamera humsogelea mpaka uso wake unajaa kioo, nasi tunalia naye. Pembeni yupo msaidizi aliyepima kwa tepu kutoka kamera hadi jicho la mwigizaji, akabandika alama sakafuni, na sasa anazungusha pete ya lenzi taratibu kila mama anapoinama. Kwa picha ya karibu hivyo, akikosea sentimita chache tu sikio litaonekana vizuri na jicho litaingia ukungu. Nani atamwomba mwigizaji alie tena vilevile?

Mpiga picha naye, kwenye tukio jingine, amelala kifudifudi vumbini ili mwenye nyumba mkali aonekane mrefu kuliko mlango. Shingo inamuuma, lakini anabana pumzi picha isitikisike. Majina yao hupita mwishoni, sisi tumeshainuka vitini.