Kamusi ni kazi ya waja, si msahafu

Wapo walimu wa Kiswahili katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makadara hadi Umoja, wanaoitumia kamusi kana kwamba ni msahafu. Mwanafunzi akiandika neno wasilolipata humo, kalamu nyekundu inashuka: kosa! Ukiuliza sababu, jibu ni moja: "Kamusi haina." Basi, mjadala umekwisha.

Hoja hiyo ina dosari. Muumini husadiki kwamba maandiko matakatifu yametoka kwa Mungu, kwa hiyo hayaongezwi wala hayapunguzwi. Kamusi haikushushwa, imetungwa na waja. Ya Johnson ilitoka 1939. Ya TUKI ikafuata 1981, ikatolewa upya 2004 na 2013. BAKITA nao wakaleta Kamusi Kuu 2015. Kama ya kwanza ingekuwa kamili, hizi nyingine zingekuwa za nini?

Hata kwenye maandiko yenyewe mpaka huu unaonekana. Godfrey Dale aliitafsiri Kurani kwa Kiswahili 1923. Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatoa tafsiri yake 1969. Biblia ya Union ilitoka 1952, na bado Habari Njema ikaja miaka ya 1990. Kwa waumini Neno ni lile lile, ila Kiswahili chake hurudiwa kwa kuwa mfasiri ni binadamu.

Sasa tazama neno "matatu". Inasimuliwa kwamba lilizaliwa Nairobi kutokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Johnson asingeweza kuliandika 1939. Gari lenyewe halikuwepo. Leo ni mwalimu gani atakayelikata?

Sisemi kila neno la Sheng liingie kwenye insha ya mtihani, la hasha! Usanifu una kazi yake: bila kanuni, mtoto wa Jericho na mwenzake wa Tanga hawataelewana kwa maandishi. Ila mwalimu akikosoa, na aeleze: neno hili ni la mtaani, la rasmi ni lile, na kila moja lina mahali pake. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba lugha ya kwao ni kosa tupu hukichukia Kiswahili chote, akakimbilia Kiingereza. Hasara hiyo ni yetu sote.

Kamusi tuiheshimu, tuifungue kila siku, lakini tusiisujudie. Ukamilifu ni wa Mola.